Kusomea ufundi komyuniti koleji Marekani: tafuta mwajiri na mlipaji kwanza, darasa lije baadaye

Hii ni ya nyie mlioko Marekani, mna green card au mlikuja kama wakimbizi, mnapiga shifti za usiku weahausi au viwanda vya nyama na kila Desemba mnasema mwakani lazima nisome kitu. Wengi wetu tukishaamua tunakimbilia shule ya kwanza tuliyoona tangazo lake Facebook, shule binafsi, wiki nne umemaliza, lipa hela ndefu, mtu anachanja kadi, alafu anatoka na cheti ambacho hajui akipeleke wapi. Na kozi ileile ipo komyuniti koleji ya hapohapo mjini kwake, na mara nyingi kuna mtu mwingine ambaye angeilipia. Kwaiyo mpangilio ninaoutetea hapa ni kinyume cha tulivyozoea: unaanza na mwajiri, unakuja kwenye hela, darasa ndo la mwisho.

Tuanze na koleji yenyewe maana watu wanaingia mlango usio wao. Kuna upande wa krediti, huko unasomea cheti kirefu au digrii ya miaka miwili, una mshauri wa wanafunzi, unajaza FAFSA, fomu ya kuomba msaada wa ada wa serikali kuu. Alafu kuna upande wa kozi fupi za kazi, wenyewe wanaita Workforce, mara nyingi ofisi yao iko jengo lingine na yule wa mapokezi upande wa krediti anaweza asikutajie kabisa. Ukifika uliza kwa jina, sema nataka ofisi ya Workforce. Na ukishakaa na mtu wa huko usianze na "mna kozi gani", utapewa kitabu cha kurasa mia. Muulize hivi: kampuni gani za hapa mjini zinaleta wafanyakazi wao kusoma kwenu? Swali hilo moja linakutajia waajiri ambao tayari wanalipia watu shule, na hao ndo wa kwenda kuomba kazi.

Uanagenzi sasa, wenyewe wanaita apprenticeship. Huo una sheria yake tangu 1937 na unasimamiwa na Wizara ya Kazi ya serikali kuu au ofisi ya jimbo. Uanagenzi uliosajiliwa maana yake umeajiriwa, una mkataba umesaini, unafundishwa kazini na fundi aliyebobea, mshahara unapanda kwa hatua zilizoandikwa kwenye mkataba tangu siku ya kwanza, na pembeni unaingia darasani, ambako ndo koleji inapokuja. Kwenye programu nyingi, zile zinazohesabu kwa masaa, kazini si chini ya 2,000, na darasani wanapendekeza masaa 144 kwa kila mwaka. Fundi umeme kwa kawaida anaenda kwenye masaa 8,000 kazini, yaani miaka minne au mitano. Mshahara wa kuanzia mara nyingi ni kama nusu ya fundi kamili, kwaiyo kama saivi unalipwa vizuri na ovataimu jiandae, mwaka wa kwanza unaweza kushuka. Kaa na mke wako au mume wako mpige hesabu ya kodi ya nyumba na hela mnayotuma nyumbani kabla hujasaini, maana wanaoacha mwaka wa kwanza wengi naona shida yao si masomo, ni bili.

Kutafuta nafasi, ingia apprenticeship.gov, weka zip code yako na aina ya kazi. Vyama vya wafanyakazi nao wana zao, kwa mfano IBEW kwa umeme, na hao wana masharti yanayoeleweka: miaka 18, umemaliza sekondari, umefaulu aljebra ya mwaka mmoja, alafu kuna mtihani wa hesabu na kusoma kwa ufahamu. Hapo kwenye aljebra msiogope jamani. Ile ya kidato cha pili, tafuta x, michoro ya mistari, ndo hiyohiyo, ila unaifanya kwa Kiingereza na kwa haraka. Na kama huna cheti kinachoonyesha uliisoma, somo moja la aljebra pale koleji linaweza kukusaidia, ila waulize kwanza wanakubali lipi.

Mfano ninaoupenda uko Kentucky, na nautaja kwa sababu Lexington na Louisville zimejaa Waswahili wenzetu hasa ndugu zetu Wakongo. Inaitwa FAME. Ilianza 2010, Toyota wa kiwanda cha Georgetown pamoja na Bluegrass Community and Technical College, saivi imesambaa majimbo mengi. Kijana anakuwa darasani siku mbili kwa wiki, siku tatu yuko kiwandani kwa kampuni iliyomchukua na analipwa, mihula mitano anatoka na digrii ya miaka miwili ya fundi wa mitambo ya kiwandani: umeme, haidroliki, roboti, kulehemu kidogo. Akibana matumizi ile hela ya siku tatu inaweza kabisa kubeba ada. Ila wanaangalia sana hesabu, na wanataka mtu anayefika kwa wakati kila siku, si utani, nidhamu ya muda ni sehemu ya wanachofundisha. Kama una mtoto yuko darasa la 11 au 12 na hataki chuo kikuu, hii mwonyeshe kabla hajazoea weahausi.

Sasa hela, na hapa nitakaa kidogo.

FAFSA ni bure, inajazwa studentaid.gov, mtu yeyote anayekudai hela ya kukujazia mkimbie. Mwenye green card, mkimbizi aliyepokelewa rasmi, aliyepewa asylum, wote wanahesabika. Ruzuku ya Pell kwa mwaka wa masomo 2025–26 mwisho wake ni dola 7,395, hairudishwi, na kwa komyuniti koleji nyingi hiyo inamaliza ada na kubaki. Shida ilikuwa kwamba Pell haigusi kozi fupi za wiki chache. Sheria ya Julai 2025 imebadilisha hilo: kuanzia 1 Julai 2026 kuna Pell ya kozi za kazi za wiki 8 mpaka chini ya 15, zenye masaa 150 mpaka chini ya 600. Lakini si kila kozi, lazima jimbo liidhinishe na kozi iwe na rekodi ya wanafunzi wanaomaliza na kupata kazi. Kwaiyo usiulize "mnapokea Pell?", uliza kozi hii, hii hapa ninayoisoma, imeidhinishwa?

Kabla ya FAFSA lakini, au sambamba nayo, nenda American Job Center ya eneo lako, ofisi ya serikali ya kusaidia watu kupata kazi na mafunzo. Kuna hela za sheria ya WIOA, sheria ya serikali kuu ya mafunzo ya kazi, wanakufungulia akaunti ya mafunzo na kulipa koleji moja kwa moja, mradi kozi iwe kwenye orodha ya jimbo ya watoa mafunzo waliokubaliwa. Ukienda baada ya kuanza darasa umechelewa, kwa kawaida hawalipii ulichokwisha anza. Mwanaume aliyekuwa Marekani akiwa kati ya miaka 18 na 25 wanaangalia kama alijiandikisha Selective Service, lile daftari la wanaoweza kuitwa jeshini. Ukiwa uliingia ukiwa umeshatimiza 26 haikuhusu, ila beba I-94, ile rekodi ya kuingia Marekani, au pasipoti yenye tarehe ya kuingia, la sivyo utageuzwa mlangoni kwa kukosa karatasi moja.

Na Kiingereza. Watu wanajizuia wenyewe hapa, "ngoja kwanza Kiingereza kinyooke", miaka sita imepita bado anangoja. Kwenye zile hela za WIOA za watu wazima, mwenye kipato kidogo, anayepokea msaada wa serikali, na mtu ambaye Kiingereza chake bado kinasumbua wanatakiwa kupewa kipaumbele. Yaani kile unachokionea aibu ndo kinakusogeza mbele kwenye foleni. Alafu kuna kozi zinazochanganya lugha na ufundi kwa pamoja. Jimbo la Washington wanaita I-BEST, darasani mnakuwa na walimu wawili, mmoja wa fani na mmoja wa lugha, mnajifunza jina la kifaa huku mmekishika. Kwengine zina majina mengine, wewe uliza tu kama wana darasa la Kiingereza lililounganishwa na mafunzo ya kazi.

Vyeti vilivyopotea. Mtu kasoma Nyarugusu au Nakivale, kasoma Uvira vita ikaja, hana karatasi hata moja. Njia zipo mbili kubwa. Ya kwanza ni GED, mtihani unaosimama badala ya cheti cha sekondari, koleji nyingi zinafundisha bure. Ya pili haisemwi sana: ukijiunga na programu ya koleji inayounganisha elimu ya watu wazima na fani, na ukafaulu mtihani unaokubalika au ukamaliza krediti 6, unaweza kupata Pell bila cheti cha sekondari. Muulize mshauri kuhusu Ability to Benefit, litamke hivohivo, na akikukatalia haraka omba kuongea na ofisi ya misaada ya fedha. Wenye vyeti vyenu, form four, diplôme d'État, chochote, vitafsiriwe kama viko Kifaransa na vipitishwe kwenye kampuni ya tathmini iliyo mwanachama wa NACES, umoja wa kampuni hizo, lakini uliza koleji kwanza wanakubali ya nani, zina bei tofauti.

Wale mliokuwa mafundi nyumbani, nyie nawasema kabisa. Mtu kalehemu Gerezani au Kamukunji miaka kumi, anakuja huku anaandika kwenye fomu "hana uzoefu". Kwa nini? Kanuni za uanagenzi uliosajiliwa zinataka kila programu iwe na utaratibu wa kumhesabia mwombaji ujuzi alionao, na akihesabiwa mshahara unapanda kulingana na ngazi aliyowekwa. Kwaiyo leta cheti cha VETA ya Tanzania, leta grade test ya NITA ya Kenya, leta barua ya bosi wa zamani yenye namba ya simu inayopokelewa, leta picha za mageti uliyotengeneza. Omba wakupime kwa vitendo. Hawatakupa yote, lakini hata wakikupa nusu mwaka ni nusu mwaka.

Nyie mafundi friji na AC, ongezeni EPA 608, bila hiyo hugusi gesi ya friji kisheria. Ni mtihani, unaweza kuumaliza siku moja, na cheti chake hakiishi muda.

CNA, yaani msaidizi wa muuguzi, nimeiacha mpaka huku kwa sababu ndo kozi tunayoijua wote na ndo tunayolipia bila sababu. Sheria ya serikali kuu inataka mafunzo yasiyopungua masaa 75, na 16 kati ya hayo ni ya vitendo chini ya usimamizi. Majimbo mengine wanadai zaidi. Sasa, kama nyumba ya wazee inayopokea Medicare au Medicaid imeshakuajiri au imeshakuahidi kazi kabla hujaanza mafunzo, hairuhusiwi kukulipisha, hata kitabu. Na kama ulijilipia mwenyewe alafu ukaajiriwa na nyumba ya aina hiyo ndani ya miezi 12 tangu umalize, unatakiwa kurudishiwa, kidogokidogo kadri unavyofanya kazi. Mama mmoja aliniletea risiti zake amezikunja kwenye Biblia.

"Mama, hii kazi walikuahidi kabla hujaanza darasa?"

"Ndiyo mwanangu, walisema nikimaliza nirudi."

"Walikuandikia?"

"Aa, walisema tu kwa mdomo."

Hapo ndo penye tatizo. Ahadi ya kazi ipate kwa maandishi, hata imeili ya mistari miwili inatosha, yenye tarehe iliyotangulia siku ya kwanza ya darasa. Yeye ilibidi aifuate ile njia ya pili ya kurudishiwa, na kwa hiyo risiti zake ndo zilikuwa dhahabu, kwaiyo usitupe risiti.

Ukishaingia kwenye uanagenzi kuna kazi moja inaonekana ndogo, kuandika masaa. Programu nyingi zina daftari au app, kila wiki unaandika umefanya nini, masaa mangapi kuvuta nyaya, mangapi kufunga paneli, na msimamizi anasaini. Ijumaa kabla hajapanda gari lake mfuate asaini. Usimwachie mpaka mwezi uishe, msimamizi akihama au akifukuzwa yale masaa nani atayathibitisha? Na piga picha kila ukurasa ukae kwenye simu yako. Programu ikiwa na fani yenye mgawanyo wa kazi angalia pia usikwame kwenye aina moja tu, wapo wanaokaa wakibeba mabomba miaka miwili kwa sababu hawakuwahi kusema "kwenye mkataba wangu nina masaa ya kitu kingine".

Mkataba usome wote. Tafuta kipengele kinachosema ukiacha kazi kabla ya muda fulani utalipa gharama za mafunzo, kipo sana kwenye udereva wa malori na baadhi ya hospitali. Si lazima kiwe kibaya, lakini ujue ni kiasi gani, kinapungua kila mwezi au hakipungui, na wakikuachisha wao je, bado unadaiwa? Omba siku mbili za kuusoma nyumbani, na kama Kiingereza cha kisheria kinakuchanganya nenda nao kwa yule mtu wa Job Center au ofisi ya Workforce, wameiona mingi. Kampuni ikikukatalia kuondoka na karatasi ukaisome, basi rudi kwenye ile orodha ya waajiri na umpigie anayefuata.