SOMO: Mashine mpya ya kukata nyasi (ile ya kuketi), kabla hujaiwasha

Kila mvua za masika zikikaribia swali ni lile lile: "Nimefungua kasha, naiwasha vipi?" Huiwashi. Naandika mara hii moja. Mwengine akiuliza ataelekezwa hapa.

Kitabu chake kiwe mkononi. Vipimo vyake vikipishana na vyangu, fuata vyake.

Usukani na kiti: kaza boliti, basi.

Tairi: kiwandani hutiwa upepo kupita kiasi kwa ajili ya safari. Nyingi hutaka PSI (kipimo cha upepo) 14 mbele na 10 nyuma. Kijana wa pancha asikutilie 30 kama za gari.

Betri: vua saa na pete. Chanya (+) kwanza, hasi (−) mwisho. Kufungua ni kinyume. Ukishakaza, paka vaselini, maana upepo wa bahari hula vichwa vya betri.

Oili. Hapa ndipo injini hufa, na usiniulize nimejuaje. Mashine nyingine huja na oili, nyingine huja kavu kabisa, kwa hiyo pima kabla hujamimina. Iegeshe mahali palipo sawa. Kwenye mteremko kijiti cha kupimia oili hudanganya. Injini ya silinda moja huchukua karibu lita 1.4, ya mbili karibu 1.9, lakini usimimine yote kwa mkupuo. Tia robo tatu, ngoja dakika mbili ishuke, chomoa kijiti, pangusa, kirudishe, chomoa tena usome. Kisha ongeza kidogo kidogo. Ikipungua, vyuma vinasagana. Ikizidi, inapanda hadi kwenye chujio la hewa na unapata moshi na plagi iliyolowa. Tumia SAE 30 (uzito wa oili, huandikwa koponi). Ile 10W-30 huliwa haraka joto likipita nyuzi 27, na hapa Mombasa tunazipita karibu kila siku. Oili ya kwanza imwagwe baada ya saa 5 hadi 8 za kazi. Saa za kazi, si miezi.

Petroli: mbichi, injini ikiwa baridi. Jerikeni ijazwe ikiwa chini, si juu ya pikapu.

Visu: chomoa waya wa plagi kwanza. Kwenye sakafu iliyo sawa, na tairi zishapimwa, pima kutoka ncha ya kisu hadi chini, kushoto na kulia. Tofauti isipite milimita 3. Mbele pawe chini kidogo kuliko nyuma.

Jaribio: rudisha waya, washa mahali pa wazi, zungusha visu, kisha jiinue kitini bila kushuka. Injini izime na visu visimame ndani ya sekunde 5. Isipozima, usikate hata jani moja.

MASWALI

Wa Kisauni: Nilijaza oili hadi mdomoni isiniishie. Moshi wa buluu. Nimeuziwa mbovu?
— Rudi kwenye oili, soma tena. Punguza hadi alama ya juu ya kijiti, angalia chujio.

Wa Bamburi: Kila nikiinuka kuondoa makuti inazima. Fundi anasema ataunga waya wa kiti moja kwa moja.
— La. Zima visu, vuta breki, ndipo ushuke. Mguu haununuliwi dukani.
— Nimeuliza tu, shekhe.
— Nami nimejibu tu.

Wa Likoni: Samahani kaka, kwa nini hasi iwe ya mwisho?
— Swali zuri. Bodi yote ya mashine imeungwa na hasi. Ukiitanguliza, halafu spana ikagusa bodi huku unakaza chanya, umeunganisha betri nzima kupitia spana: cheche, na mkono kuungua. Hasi ikiwa bado haijafungwa, spana ikigusa hakuna kitu.

Wa Diani: Yangu ya pedali, inakwenda kwa kusitasita.
— Huenda kuna hewa ndani ya gia ya haidroliki. Mahali palipo sawa, fungua wenzo wa kusukumia (ule unaoachia magurudumu mashine isukumwe kwa mkono), washa, kanyaga mbele sekunde 5, nyuma sekunde 5, mara tatu. Zima, funga wenzo, rudia ukiwa na nafasi mbele na nyuma. Shukran kwa kueleza dalili vizuri.

Wa Nyali: Na mawe ya matumbawe yaliyochomoza nyasini?
— Tembea kwanza kwa mguu, kila jiwe chomekea kijiti chenye kitambaa chekundu. Madafu na vifuu viokote vyote.

Wa Likoni: Kuosha chini ya mashine je?
— Maji ya bomba. Ya kisima chetu yana chumvi, utaozesha bati.