SOMO: Dripu ya sukari bila vitamini B1 huumiza ubongo

Nawaandikia mnaouguza ndugu wodini hapa Mwanza, hasa mliovuka na meli kutoka Ukerewe.

Akiba ya vitamini B1, yaani thayamini, ni takriban miligramu 30 mwili mzima. Mtu asipokula, huisha ndani ya wiki mbili au tatu. Bila hiyo, sukari ya dripu haichomwi vizuri, asidi hujaa damuni na ubongo hukosa nguvu. Marekani mwaka 1997 vitamini za dripu za lishe ziliadimika, wagonjwa wakapatwa na asidi hiyo.

1. Hesabu siku tangu chakula kilipokaa tumboni mara ya mwisho, si tangu alipolazwa.

2. Uliza: "Nesi, B1 ameshapata?" Mfuko wenye vitamini mara nyingi huwa na umanjano wa B2, ila usitegemee rangi, uliza.

3. Tazama macho. Afuate kidole chako bila kugeuza kichwa. Mboni zikichezacheza, akiona viwiliviwili, akiyumba au akichanganyikiwa, mwite daktari saa hiyo hiyo. Usingoje dalili zote, wachache huwa nazo zote. B1 hupewa mshipani, aghalabu miligramu 200 hadi 500, mara tatu kwa siku.

Mdogo wangu alitapika ujauzito wiki tatu, akitundikiwa glukosi tupu. Usiku mmoja akaniuliza, "Dada, mbona manesi wako wawili?" Nikadhani ni homa. Yule nesi alikuwa mmoja. B1 ilipoingia, macho yalitulia baada ya siku chache. Kumbukumbu haijarudi sawasawa: anamaliza uji, kisha anauliza uji uko wapi.

MASWALI

— Dada, uji wa dona na maharage hautoshi?

Kwa anayekula, unafaa sana. Wali mweupe ndio uliopoteza B1 kwenye pumba. Anayetapika hapati kitu, apewe kwa mshipa.

— Sukari ikishuka ghafla, tungoje B1 kwanza?

Hapana, mama. Sukari ikishuka huua. Glukosi iingie mara moja, B1 iende pamoja nayo.

— Baba yangu amefanyiwa upasuaji wa utumbo, na ni mnywaji wa gongo. Naona aibu kusema.

Sema, kaka, leo hii. Mnywaji hufika wodini akiba yake ikiwa imeshapungua, na daktari asipojua hawezi kumwahi.