Kufungua, kusafisha na kufunga SAR

SAR, yaani bunduki inayojikoki yenyewe lakini hupiga risasi moja kila unapobonyeza kifyatulio, ninayoizungumzia ni ile ya Kichina, Type 56, iliyotokana na bunduki ya SKS ya Mrusi Sergei Simonov ya mwaka 1945. Hula risasi za milimita 7.62 kwa 39, na kasha lake la risasi 10 halichomoki kama la SMG, bunduki za aina ya AK-47. Nimeibeba kwenye doria, baadaye nikapewa kazi ya kuwafundisha askari wa wanyamapori wa vijiji kuitunza. Vijana wengi hukazana kung'arisha mtutu kwa kuwa ndio afande huchungulia akikagua. Fanyeni hivyo, lakini roho ya bunduki hii imo kwenye boliti, chuma kinachokwenda mbele na nyuma kuingiza risasi, na nitafika huko.

Anza kwa kuitoa risasi. Mdomo uelekee kwenye gunia la mchanga, kidole mbali na kifyatulio, kiusalama kipandishwe juu. Kiusalama hiki huzuia kifyatulio tu, kwa hiyo usikiamini kupita kiasi. Bonyeza komeo lililo mbele ya kingo ya kifyatulio, kasha lifunguke kwa chini na risasi zidondoke. Kasha kwanza, koki baadaye. Ukigeuza mpangilio huo, kila unapokoki unaingiza risasi nyingine chemba, yaani pale nyuma ya mtutu inapokaa tayari kupigwa. Funga kasha, vuta boliti nyuma mpaka ikwame. Tazama ndani ya chemba, kisha ingiza kidole uguse, maana gizani macho hudanganya. Risasi zote zihamishiwe chumba kingine. Nikimkuta mtu anasafisha bunduki na risasi ziko mezani, somo limeishia hapo.

Kandamiza kile kibati cha ndani ya kasha, huku umeishika boliti kwa mkono uirudishe mbele taratibu. Ikikuponyoka, dole gumba litakueleza.

Sasa fungua. Kwenye kitako kuna kidirisha. Kisukume kwa kidole, kopo la vifaa litachomoza. Singe ikunjue kidogo ufito wa kusafishia utoke chini ya mtutu. Upande wa kulia, nyuma ya mfuniko wa juu, kuna kishikio: kizungushe juu, kivute nje. Mfuniko unatoka kwa nyuma pamoja na springi. Vuta boliti na kibebeo chake nyuma, vinyanyue, utenganishe.

Bomba la gesi lina wenzo wake kando ya shabaha ya nyuma, kulia. Uinue mpaka bomba lilegee, na hapo uache. Ukiupitiliza, kijiti kilichomo humo na springi yake huruka, nawe utapekua majani hadi jioni. Nyanyua bomba, toa pistoni.

Kikundi cha kifyatulio si lazima kukifungua kila siku. Ikiwa imeingia mchanga au maji, pandisha kiusalama, bonyeza kwa ncha ya ufito kile kitufe kilicho nyuma ya kingo ya kifyatulio, nacho kitachomoka. Kikiwa nje usiiachie nyundo ipige, inavunja vidole.

Tuje kwenye boliti. Pini ya kupigia humo ndani haina springi ya kuirudisha. Huelea. Ikigandiwa na grisi ya ghalani au masizi, hubaki imechomoza mbele, na siku unayoachia boliti risasi hulipuka bila mtu kugusa kifyatulio, pengine mfululizo. Kwa hiyo ishike boliti karibu na sikio uitikise. Lazima usikie pini ikigonga huku na huku, kavu, bila kusita. Kama kimya, loweka kwenye mafuta ya taa, tikisa, futa, rudia. Ikikataa, mpelekee fundi wa silaha, wala usiibebe.

Jambo la pili ni chumvi. Risasi nyingi za zamani za Kirusi na Kichina huacha chumvi mtutuni baada ya kupigwa, chumvi inayovuta unyevu, na mafuta hayaiyeyushi. Maji ya moto ndiyo huiondoa. Mimina mtutuni na kwenye bomba la gesi, osha na pistoni, kausha kabisa, ndipo mswaki na vitambaa vifuate mpaka kitambaa kitoke cheupe. Mtutu upakwe mafuta mepesi, reli za boliti hali kadhalika. Bomba la gesi na pistoni vibaki vikavu: mafuta humo huungua yakawa masizi magumu.

Kama mnasafisha wengi meza moja, angalieni namba zilizogongwa kwenye vyuma. Boliti ya bunduki hii isiingie ile.

Kufunga ni kurudi nyuma ulikotoka: kifyatulio kama ulikitoa, pistoni na bomba, wenzo ushuke mpaka ukae, boliti ndani ya kibebeo, springi, mfuniko. Mfuniko ndio husumbua. Usukume mbele kwa kiganja huku mkono mwingine ukirudisha kishikio.

Halafu ijaribu bila risasi, mdomo kwenye gunia lilelile. Vuta boliti, ikwame, iachie. Kiusalama juu, bonyeza kifyatulio: kimya. Kishushe, bonyeza: nyundo ipige. Jibu lolote tofauti na hayo, fungua tena.

Ghalani iweke mdomo chini usiku ule wa kwanza, mafuta yasije yakateremka kuozesha mbao za kitako. Kabla ya doria, pitisha kitambaa kikavu mtutuni.