Somo: Namna ya kupima ushahidi unaopingana kuhusu wahusika wa shambulio la kigaidi

Somo hili ni kwa msomaji anayekutana na maelezo mawili au matatu yanayopingana kuhusu shambulio moja, kila moja likiwa na ushahidi wake na watetezi wake, naye hataki kuchagua upande kwa mapenzi au kwa chuki. Mfano wangu mkuu ni shambulio la treni za Madrid la tarehe 11 Machi 2004, kwa sababu ndani ya siku tatu ushahidi wake ulivutwa pande mbili, kwa ETA, kundi lenye silaha lililopigania kujitenga kwa Wabaski, na kwa wapiganaji wa kijihadi, na baadaye mahakama ikaupitia hadharani kipande kwa kipande. Asubuhi ile mabomu 10 yalilipuka katika treni nne za abiria, yakaua watu zaidi ya 190. Serikali ya waziri mkuu wa Hispania, José María Aznar, iliitaja ETA siku hiyohiyo, na Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa likapitisha azimio namba 1530 lililoilaani ETA kwa jina, wakati maiti zilikuwa bado zinatambuliwa.

Hatua ya kwanza: ligawe swali lenyewe

Swali la nani alihusika limebeba maswali mengi ndani yake: nani aliliweka bomu, nani alilitengeneza, baruti ilitoka kwa nani, nani alipanga, nani alitoa amri, nani alilipa, na nani alijua akanyamaza. Ushahidi unaotosha kumfunga mmoja wao unaweza usimguse mwingine hata kidogo. Tarehe 31 Oktoba 2007 mahakama ya Hispania iliwatia hatiani watu 21 kati ya washtakiwa 28, akiwemo mchimba madini wa zamani aliyewapatia washambuliaji baruti ya mgodini, lakini ikamwachia mtu ambaye upande wa mashtaka ulidai kuwa alikuwa miongoni mwa vinara wa mpango. Wako walioona kwamba hukumu hiyo imejipinga, wakahitimisha kuwa ikiwa kinara hakupatikana basi kisa chote ni cha kutungwa. Huko ni kuchanganya maswali mawili, kwa maana kushindwa kumthibitisha aliyetoa amri hakufuti alama zilizoachwa na aliyetega bomu.

Hatua ya pili: orodhesha maelezo yote kabla ya kupima lolote

Kuishuku ETA hakukuwa upumbavu. Desemba 2003 polisi walikuwa wamezuia jaribio lake la kulipua treni mjini humohumo Madrid, na mwishoni mwa Februari 2004 walikamata gari lake lililobeba zaidi ya kilo 500 za vilipuzi. Historia ya namna hiyo humpa mshukiwa nafasi ya juu katika orodha, na ni haki apewe. Kosa lilikuwa kuifunga orodha akiwa peke yake ndani yake. Andika majina yote yanayowezekana, na mwishoni acha nafasi ya mtu ambaye hakuna aliyemfikiria.

Hatua ya tatu: uliza kila kipande kinamtenga nani

Hapa ndipo kazi ilipo, nami nawaomba mkae hapa muda mrefu kuliko penginepo. Uzito wa ushahidi hauonekani katika jinsi unavyoafiki maelezo unayoyapenda. Huonekana pale unapokataa kuafiki maelezo mengine. Kwa kila kipande jiulize: kama mhusika angekuwa yule mwingine, je, kipande hiki kingeonekana vilevile? Jibu likiwa ndiyo, hakijakusaidia, hata kama magazeti yote yamekiweka ukurasa wa kwanza. Ukatili wa shambulio na wingi wa waliokufa ni vya namna hiyo.

Sasa tazama vipande vya Madrid. Asubuhi ileile lilipatikana gari karibu na kituo cha Alcalá de Henares, ndani yake mna viwashio vya baruti na kanda ya kisomo cha Kurani. Watu wengi waliishikilia kanda, ilhali kanda ndicho kipande dhaifu zaidi, kwa sababu mtu yeyote anaweza kuwa na kanda garini, na mtu yeyote anayetaka kupoteza wapelelezi anaweza kuiacha hapo. Aina ya baruti ilikuwa na uzito zaidi: ilikuwa Goma-2 ECO, inayotumika katika migodi ya Hispania, wakati ETA ya miaka ile ilizoea kutumia Titadyn. Hata hivyo kipande hiki nacho huegemea upande mmoja tu bila kuufunga mlango, maana kundi laweza kubadilisha baruti.

Kilichofunga mlango ni begi. Usiku, katika mizigo iliyokusanywa kutoka kwenye treni na kupelekwa kituo cha polisi cha Vallecas, lilikutwa begi lenye bomu ambalo halikulipuka, limeunganishwa na simu ya mkononi. Kadi ya simu hiyo iliwapeleka wapelelezi kwenye duka la mtaa wa Lavapiés, na tarehe 13 Machi, siku moja kabla ya uchaguzi, watu wakakamatwa. Tarehe 3 Aprili washukiwa saba waliozingirwa na polisi katika nyumba moja huko Leganés walijilipua, wakamuua askari mmoja, na katika kifusi ikapatikana baruti ya aina ileile. Kila pingili ya mnyororo huu ilipatikana mahali pengine, kwa njia nyingine, na zote zikaelekea kwa watu walewale, kikundi cha wapiganaji wa kijihadi. Anayetaka kuurudisha mnyororo huo kwa ETA analazimika kudhani kwamba kila pingili ilipandikizwa na mtu tofauti bila hata mmoja kuteleza, na kila dhana mpya anayoiongeza ni deni ambalo ni lazima alilipe kwa ushahidi.

Hatua ya nne: fuata kila kipande hadi kilikotoka

Taarifa tano zinaweza kuwa chanzo kimoja kilichonukuliwa mara tano. Tena chanzo chenyewe kinaweza kuwa ndicho kilichopanda ushahidi. Baada ya bomu la kituo cha reli cha Bologna lililoua watu 85 tarehe 2 Agosti 1980, sanduku lenye silaha na vilipuzi lilikutwa ndani ya treni Januari 1981, likiashiria wahusika wa kigeni. Ilikuja kuthibitika mahakamani kwamba maofisa wa idara ya ujasusi ya kijeshi ya Italia yenyewe walikuwa nyuma ya sanduku hilo, nao wakahukumiwa kwa kupotosha upelelezi. Kwa hiyo usiridhike kujua ni nini kilichopatikana. Uliza nani alikipata, lini, mbele ya nani, na kilihifadhiwa wapi hadi kilipofika maabara.

Hatua ya tano: dai la kuhusika si ungamo

Makundi hudai yasiyoyafanya ili yaonekane makubwa, na hukana yaliyoyafanya yanapoona aibu au hasara. Tarehe 22 Julai 2011, saa chache baada ya mlipuko wa Oslo, lilitokea dai la kundi lenye jina la kijihadi, kumbe mhusika alikuwa Anders Behring Breivik, Mnorwe wa mrengo mkali wa kulia, ambaye siku hiyo aliua watu 77. Katika suala la Madrid, dai la jioni ya siku ya kwanza lilitoka kwa kundi la kijihadi lililojiita Brigedi za Abu Hafs al-Masri, ambalo mwaka uliotangulia lilikuwa limedai kusababisha kukatika kwa umeme huko Amerika ya Kaskazini. Angalieni vizuri hapa: dai hilo lilielekea upande ambao baadaye ulithibitika, lakini halikuwa ushahidi mzuri kwa sababu hiyo. Saa mbovu haisifiwi kwa kugonga saa sita mchana. Dai lenye uzito ni lile linaloambatana na kitu ambacho mhusika peke yake angekuwa nacho, kama picha zilizopigwa na washambuliaji wenyewe wakiwa kazini, ambazo Dola la Kiislamu lilizitoa baada ya shambulio la ukumbi wa Crocus huko Moscow, Machi 2024.

Hatua ya sita: mpime na anayekupa jibu la uhakika

Alama ya kidole iliyokuwa kwenye mfuko wa viwashio ndani ya lile gari la Alcalá ilitangazwa na wataalamu wa FBI, shirika la upelelezi la Marekani, kuwa ya wakili mmoja wa jimbo la Oregon. Polisi wa Hispania walieleza mashaka yao mwezi Aprili, lakini wakili huyo alikamatwa Mei 2004 na kuzuiliwa kwa takriban wiki mbili, hadi Wahispania walipotambua kwamba alama ni ya Mwaljeria. Wakili huyo alikuwa Mwislamu, na uchunguzi uliofuata ulikiri kwamba huenda jambo hilo lilichangia wataalamu kusita kulipima upya jibu lao. Huko Birmingham, Uingereza, ambako mabomu ya Novemba 1974 yaliua watu 21, wanaume sita walifungwa kwa maungamo yaliyopatikana kwa kipigo na kwa kipimo cha kemikali kilichodaiwa kuonyesha baruti mikononi mwao, ilhali matokeo kama hayo yangeweza kutokana na vitu vya kawaida, hata karata za kuchezea. Walikaa gerezani miaka 16. Siwezi kuyaandika haya kwa utulivu, kwa sababu muda wote huo walioua hawakuwa wakitafutwa.

Kumbukumbu ya shahidi nayo hukosea bila nia mbaya. Baada ya mlipuko wa Oklahoma City, Marekani, mwaka 1995, mchoro wa mtu wa pili ulisambazwa nchi nzima kutokana na maelezo ya fundi wa mahali lilipokodiwa lori lililobeba bomu. Wapelelezi walihitimisha kwamba fundi alimkumbuka kwa usahihi mwanajeshi asiye na hatia aliyefika pale siku iliyofuata baada ya lori kukodiwa.

Hatua ya saba: liandike jibu pamoja na kiwango chake

Kwa kila swali ulilogawa mwanzoni, andika kama una uhakika, unadhani kwa nguvu, au unadhani tu, kisha andika ni kitu gani kikipatikana kitakufanya ubadili jibu. Ukikosa cha kuandika mahali hapo, rudi hatua ya pili.

Maswali ya wanachama

Swali: Mwalimu, nashukuru kwa somo. Mbona hukutaja kigezo cha nani amenufaika? Chama cha upinzani kilishinda uchaguzi wa Hispania siku tatu baadaye.

Jibu: Nimekiacha kwa makusudi, ndugu yangu. Manufaa hukusaidia kuandika orodha ya hatua ya pili, na kazi yake huishia hapo. Watu wengi hunufaika na mambo wasiyoyafanya, na washambuliaji wengi hukosa walichokitarajia. Tena serikali ile isingepoteza imani ya wapiga kura kiasi kile kama isingeishikilia ETA baada ya ushahidi kugeuka.

Swali: Serikali ikisema ina ushahidi wa siri usioweza kuonyeshwa, tuupime vipi?

Jibu: Uhesabu kuwa ni dai, kisha uangalie kilichotokea dai la aina hiyo lilipofika mahakamani. Aprili 1986 klabu ya La Belle mjini Berlin ililipuliwa, watu watatu wakafa. Marekani ilisema imenasa mawasiliano ya Libya, na siku 10 baadaye ikapiga mabomu Tripoli na Benghazi. Mahakama ya Berlin ilipotoa hukumu mwaka 2001 iliwatia hatiani watu wanne na kukubali kwamba idara ya ujasusi ya Libya ilihusika, lakini ikasema amri ya Gaddafi mwenyewe haikuthibitishwa, na ikalalamika kwamba serikali hazikutoa taarifa zao kikamilifu. Dai la siri lilikuwa na ukweli ndani yake, lakini lilikuwa limetangazwa likiwa pana kuliko kilichothibitika.

Swali: Shikamoo mwalimu. Mahakama ikishahukumu, je, mtu wa kawaida ana haki ya kuendelea kushuku?

Jibu: Marahaba. Anayo, mradi ashuku kipande mahususi. Chukua Lockerbie huko Scotland, Desemba 1988, ambako ndege ya abiria ililipuliwa kwa bomu na watu 270 walikufa. Mwaka 2001 majaji walimtia hatiani Abdelbaset al-Megrahi wa Libya na kumwachia mwenzake. Kipande kilichomfunga kwa sehemu kubwa ni mwenye duka wa Malta aliyesema alimuuzia nguo zilizokutwa katika mabaki ya sanduku la bomu, ingawa maelezo yake ya kwanza yalimtaja mnunuzi mrefu wa miaka kama 50, na al-Megrahi wakati huo alikuwa na miaka 36. Mwaka 2007 tume ya Scotland ya kupitia kesi ilitaja sababu sita za kushuku kwamba haki haikutendeka, lakini mwaka 2021 majaji waliikataa rufaa iliyoletwa baada ya kifo chake. Katika daftari langu kesi hii ina mistari mitatu: kwamba bomu lilikuwa ndani ya sanduku, nina uhakika, kwamba watu wa dola la Libya walihusika, nadhani kwa nguvu, kwamba aliyenunua nguo ni al-Megrahi, nadhani tu. Mtuhumiwa mwingine, anayedaiwa kulitengeneza bomu hilo, alifikishwa mbele ya mahakama ya Marekani mwaka 2022, na ushahidi dhidi yake unaweza kuugusa mstari wa pili bila kuusogeza ule wa tatu.