Jinsi ya kuomba nafasi ya TP (mazoezi ya kufundisha) na kujiandaa kabla hujapanda basi

Kila mwaka, shule zikifunguliwa mwezi wa saba, ofisini kwangu huingia wanachuo wenye mabegi mgongoni na bahasha mkononi. Mimi ni mwalimu wa taaluma katika shule ya sekondari ya serikali hapa Tanzania, na kuwapangia vipindi ni kazi yangu. Ndani ya siku tatu huwa nimeshajua nani atazifaidi wiki zake na nani atazimaliza akihangaikia karatasi. Mara nyingi tofauti yao si akili, bali ni yale waliyoyafanya au waliyoyaacha wakiwa bado chuoni. TP nyingi za vyuo vikuu ni kama wiki nane tu, na ukipoteza ya kwanza hairudi.

Anza na chuo chako

Uliza mapema utaratibu ni upi. Vyuo vingine vina mfumo wa mtandaoni: unaingia kwenye akaunti yako, unachagua mkoa, halmashauri na shule yenye nafasi kwa masomo yako. Vingine vinakuachia utafute shule mwenyewe, kisha ulete barua ya kukubaliwa. Kama ni mfumo, ingia siku ileile unapofunguliwa, kwa sababu shule za mijini hujaa upesi.

Kabla ya kuchagua, hakikisha mambo mawili. La kwanza, shule inafundisha masomo yako yote mawili. Nimewahi kumpokea kijana wa Historia na Kifaransa, na kwetu Kifaransa hakifundishwi. Alifundisha Historia peke yake, na lile somo la pili likambaki mikononi bila kutathminiwa hadi alipohamishwa wiki ya tatu. Simu moja kwa mkuu wa shule ingemwepusha na yote hayo.

La pili, ijue halmashauri ya shule hiyo kwa jina lake kamili. Hapa ndipo wengi hukwama. Ukisema "Morogoro" hujasema kitu, maana kuna Manispaa ya Morogoro na kuna Halmashauri ya Wilaya ya Morogoro, kila moja na mkurugenzi wake. Iringa, Moshi na Songea ni vivyo hivyo. Binti mmoja alikuja kwetu na barua iliyoandikwa kwa mkurugenzi wa halmashauri ya jirani. Alirudishwa, akalala kwa ndugu siku nne akisubiri barua nyingine kutoka chuoni. Alipoingia darasani, wenzake walikuwa wamefundisha vipindi vinane.

Barua ya kuomba

Shule za serikali ziko chini ya halmashauri, kwa hiyo barua huenda kwa mkurugenzi, na afisa elimu sekondari (au msingi) ndiye anayeishughulikia. Shule binafsi unaiandikia moja kwa moja. Ukienda sekondari andika "Mkuu wa Shule". "Mwalimu Mkuu" ni wa shule ya msingi. Utasema ni jambo dogo, lakini mtu wa kwanza kuisoma barua yako ni mwalimu, naye atajiuliza kama unajua unakoenda. Mfano huu unatosha:

Mkurugenzi Mtendaji,
Halmashauri ya Wilaya ya ………,
S.L.P. ………

YAH: OMBI LA NAFASI YA MAZOEZI YA KUFUNDISHA

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa pili wa shahada ya ualimu katika Chuo Kikuu cha ………, namba ya usajili ………. Naomba nafasi ya kufanya mazoezi ya kufundisha katika Shule ya Sekondari ……… kuanzia tarehe ……… hadi ………. Masomo yangu ya kufundishia ni Baiolojia na Kemia.

Nimeambatisha barua ya utambulisho kutoka chuoni pamoja na nakala ya kitambulisho changu.

Natanguliza shukrani.

(Saini, jina kamili, namba ya simu)

Nakala: Mkuu wa Shule

Usieleze shida za nyumbani wala kuahidi makubwa. Tarehe za kuanza na kumaliza zisikosekane, kwa sababu ndizo zinazotuwezesha kupanga ratiba. Toa nakala tatu za kila karatasi: moja itabaki halmashauri, moja shuleni, moja kwako. Barua ya utambulisho isiyo na muhuri wa chuo usiondoke nayo.

Fedha na pa kulala

Kama una mkopo wa HESLB (Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu), fedha za mafunzo kwa vitendo zinasainiwa. Fuatilia tangazo la chuo na usaini kabla hujasafiri. Hata hivyo usizipigie hesabu kwa wiki ya kwanza. Beba akiba yako ya nauli, kodi na chakula cha wiki mbili hivi. Mwanachuo mwenye njaa hafundishi, na kumkopa mwalimu mwenyeji siku ya pili kunaharibu heshima mapema.

Chumba kitafute kupitia walimu wa shule hiyo. Ukishafika, nenda ukajitambulishe kwa mwenyekiti wa mtaa au kijiji, ukiwa na barua yako. Ndivyo watu wanavyoishi, na siku ukipatwa na jambo usiku, yeye ndiye atakayeamka.

Mwalimu wa somo ndiye mwenye darasa

Hapa nakuomba utulie nami kidogo. Darasa utakalopewa ni la mtu. Mwalimu yule amekuwa nalo tangu Januari, analijua kwa majina, na Novemba wanafunzi wake wa Kidato cha Pili au cha Nne wakifanya mitihani ya NECTA (Baraza la Mitihani la Tanzania), matokeo yatasomwa kwa jina la shule yake wakati wewe uko chuoni kwako. Amekuazima. Ukilielewa hilo, mengine yote yatakuwa mepesi.

Kwa hiyo omba namba yake kwa mkuu wa shule wiki mbili kabla, umpigie: "Shikamoo mwalimu, mimi ni mwanachuo ninayekuja TP, naomba kujua mmefikia mada gani." Muulize na hili: darasa hilo linatumia mtaala upi? Mtaala ulioboreshwa ulianza kutumika mwaka 2024 kwa awamu, darasa baada ya darasa, kwa hiyo shule moja inaweza kuwa na kidato kinachofuata muhtasari mpya na kingine kinachomalizia wa zamani. Muundo wa andalio la somo nao haufanani. Wapo waliokuja kwangu na maandalio ishirini yaliyoandikwa kwa uzuri, yote ya muundo usiotumika katika kidato chao. Muhtasari na vitabu pata vile vya Taasisi ya Elimu Tanzania.

Ukifika, kabla ya kushika chaki, omba azimio lake la kazi, yaani mpango wake wa mada za kufundisha, na shajara ya somo, kile kitabu kinachoonyesha mada zilizokwisha na tarehe zake. Azimio lako litokee pale lake lilipoishia. Kisha keti nyuma ya darasa vipindi viwili umtazame.

Andalio na zana

Kipindi cha sekondari ni dakika 40. Kwa mgeni zinaonekana nyingi, lakini kuita majina na kutulizana kumeshakula tano. Andika andalio lenye jambo moja ambalo mwanafunzi atatoka nalo.

Zana usizisubiri kutoka maabara. Mwaka jana binti mmoja alifundisha osmosisi Kidato cha Pili kwa viazi mviringo viwili, chumvi na vikombe vya plastiki. Asubuhi wakati wa chai alivikata vipande vinavyolingana, vingine akavitia kwenye maji matupu, vingine kwenye maji ya chumvi. Kipindi kilipofika alivipitisha mkono kwa mkono bila kusema neno. Wanafunzi wakaviminya: vya maji matupu vigumu, vya chumvi vimelegea kama mpira. Kijana mmoja wa nyuma, ambaye kwangu hanyooshi mkono kabisa, akauliza, "Maji yake yameenda wapi?" Hapo ndipo yule binti akaandika kichwa cha somo ubaoni. Mtathmini kutoka chuoni alikuwa ameingia bila taarifa dakika tatu kabla, na binti hakubabaika kwa sababu andalio, azimio na shajara vilikuwa mezani vimesainiwa. Viwe hivyo kila siku, maana watakuja zaidi ya mara moja na hawatakupigia simu.

Mipaka

Usishike fimbo. Kanuni zinampa mkuu wa shule, au mwalimu aliyemwidhinisha kwa maandishi, mamlaka ya adhabu ya viboko, wewe huna. Oktoba 2016 video ya walimu wa mazoezi wakimpiga mwanafunzi mkoani Mbeya ilisambaa nchi nzima, na wakafukuzwa vyuoni. Kijana aliumizwa, na wenzako wakapoteza safari yao ya ualimu kwa dakika chache za hasira. Ukishindwa na darasa, toka, mwite mwalimu wa zamu.

Namba za simu za wanafunzi usizichukue, na usimwite mwanafunzi chumbani kwako hata kwa kusahihisha daftari. Wengi wenu mna miaka 22, wao 17, na ni rahisi kujidanganya. Kumpa mimba mwanafunzi ni kifungo cha miaka 30.

Wiki ya mwisho

Usiage siku ya Ijumaa na kuondoka. Kuanzia Jumatatu rudisha vitabu, sahihisha madaftari yote, mkabidhi mwalimu wa somo alama za majaribio na umwonyeshe kwenye shajara ulipoishia. Mpeleke darasani naye mkalifunge somo pamoja, wanafunzi waone linarudi kwa mwenyewe. Fomu ya tathmini mpe mkuu wa shule siku tatu kabla, kwani huitwa halmashauri wakati wowote. Ihakikishe ina saini, tarehe na muhuri, na kama chuo chako kinataka bahasha iliyofungwa, ipokee ikiwa imefungwa na uipeleke hivyohivyo.