Somo: Kutunga Muziki wa Majaribio kwa Ogani ya Mabomba

Noti ya piano huanza kufifia mara nyundo inapogonga waya, ilhali bomba la ogani hulia kwa nguvu ileile maadamu upepo unaingia. Kwa hiyo, tutatunga kwa upepo kabla ya kutunga kwa noti.

Hatua ya 1. Omba ruhusa kwa mpiga kinanda wa kanisa, kisha uulize kama stopu, yaani vishikio vinavyofungulia safu za mabomba, huendeshwa kwa fito au kwa umeme.

Hatua ya 2. Fungulia safu moja laini, bonyeza noti moja ya chini na uiwekee uzito mdogo ili ibaki imebonyezwa. Zunguka ukumbini: sauti itaongezeka hapa na kupungua pale, kwa sababu mawimbi yanayorudi kutoka kutani hukutana na yale yanayotoka kwenye ogani. Katika kanisa la St. Burchardi mjini Halberstadt, Ujerumani, vifuko vya mchanga hushikilia hivyohivyo noti za Organ²/ASLSP, kazi ya mtunzi John Cage, katika onyesho lililoanza mwaka 2001 kwa kimya na kupangwa kuisha mwaka 2640.

Hatua ya 3. Kama stopu ni za fito, vuta moja polepole bila kuifikisha mwisho. Utasikia kwanza mpumuo, halafu mluzi hafifu, halafu noti iliyoshuka kidogo kwa kukosa upepo wa kutosha. Hapa ndipo penye utajiri wote, nami ningekaa hapa siku nzima. Ongeza safu nyingine iliyofunguliwa kikamilifu kwenye noti hiyohiyo: bomba moja likitoa hezi 220 na jingine 218, utasikia mapigo 2 kila sekunde, yaani sauti itavimba na kufifia mara 2. Bandika utepe kwenye ufito na utie alama kwa penseli, la sivyo hutaipata tena sauti hiyo.

Hatua ya 4. Andika kwa sekunde, na kwa michoro kama mtunzi György Ligeti alivyofanya katika Volumina, kazi yake ya ogani.

MASWALI YA WANACHAMA

Mwalimu, kanisani kwetu tuna kinanda cha umeme tu. Je, nitafaidika?

Hatua ya 2 utaiweza. Mapigo pia utayapata ikiwa kinanda kinaruhusu kushusha sauti moja kidogo, lakini hatua ya 3 haiwezekani bila upepo halisi.

Je, inafaa kuzima mota inayosukuma upepo huku noti zimebonyezwa?

Inafaa, mradi mwenye ogani amekubali. Upepo uliobaki kwenye mivukuto huisha taratibu, noti hulegea na kushuka, na mabomba hayanyamazi kwa pamoja. Usiiwashe tena kabla haijasimama kabisa.