Kupima radoni katika nyumba za Iowa

Radoni ni gesi yenye mionzi, haina rangi, harufu wala ladha. Inatokana na urani iliyomo ardhini, inapenya kwenye nyufa za zege, pembezoni mwa mabomba na kwenye shimo la pampu ya maji ya besimenti (ghorofa iliyo chini ya ardhi), kisha wenye nyumba wanaivuta. Nchini Marekani ni sababu ya pili ya saratani ya mapafu baada ya sigara, na anayevuta sigara ndani ya nyumba yenye radoni nyingi yuko hatarini zaidi. Kaunti zote 99 za Iowa zimo kwenye kundi la juu kabisa la hatari ya radoni katika ramani ya EPA, idara ya mazingira ya serikali kuu. Hata hivyo, majibu ya jirani hayakusaidii. Nyumba zinazopakana hutofautiana sana.

Anza na kipimo cha mkaa: kikopo au bahasha inayonasa gesi kwa siku 2 hadi 7, kulingana na maelekezo ya pakiti. Mpangaji naye anaweza kukitumia, maana hakuna kinachotobolewa.

Funga madirisha na milango ya nje saa 12 kabla ya kufungua kipimo, na uendelee hivyo hadi mwisho. Kuingia na kutoka kama kawaida hakuna shida. Hita iwake, ila feni za dirishani zizimwe. Hapa ndipo wengi wanapoharibu: dirisha la besimenti linaachwa wazi, namba inashuka, watu wanafurahia bure. Majira ya baridi ndiyo yanafaa zaidi, kwani hewa ya moto ikipanda juu, nyumba hufyonza hewa ya ardhini.

Weka kipimo ghorofa ya chini kabisa mnayoishi. Kama watoto wanalala besimenti, basi ni huko. Kikae juu ya meza, sentimita 50 au zaidi kutoka sakafuni, 90 kutoka dirishani na 30 kutoka ukuta wa nje. Jikoni, bafuni na chumba cha kufulia hapafai: unyevu hudhoofisha mkaa.

Andika tarehe na saa ya kufungua na kufunga. Ukishakifunga, kipeleke posta siku hiyohiyo. Nusu ya radoni hupotea kila siku 3.8, hivyo kipimo kilichosahaulika mezani wiki nzima maabara huweza kukikataa.

Kiwango cha EPA cha kuchukua hatua ni pikokyuri 4 (kizio cha mionzi) kwa lita ya hewa. Kifaa kikikupa bekereli (kizio kingine cha mionzi) kwa meta ya ujazo, gawanya kwa 37. Yaani 148 ndiyo 4. Ukipata 4 au zaidi, pima tena. Ikizidi 8, rudia haraka kwa kipimo kifupi cha siku chache. Kati ya 2 na 4, fikiria kurekebisha, kwani Shirika la Afya Duniani linapendekeza bekereli 100 kwa meta ya ujazo, yaani kama pikokyuri 2.7 kwa lita.

Kuziba nyufa peke yake hakutoshi. Fundi mwenye leseni hutoboa zege, hupitisha bomba la PVC hadi juu ya paa na kufunga feni darini au nje, ili ivute gesi kutoka chini ya nyumba na kuitoa juu ya paa. Isifungwe besimenti: bomba likivuja juu ya feni, gesi inasukumwa ndani. Pima tena baada ya saa 24 na kabla ya siku 30, kisha kila miaka 2. Katikati ya hapo, angalia kijibomba cha maji ya rangi chenye umbo la U kilichobandikwa kwenye PVC. Maji yakilingana pande zote mbili, feni haivuti.